Kilomita Themanini na Tano

Mwenye nyumba alipandisha kodi kwa ujumbe wa simu,
mwisho wa ujumbe akaweka ua.
Riali mia tatu na ishirini, Al-Khuwair, vyumba viwili,
dirisha la jiko linatazama jiko la watu.
Shemsa alisoma mara mbili,
akageuza bahasha ya bili ya umeme, akaandika mgongoni:
kodi, skuli, petroli, dawa za Mama.
Akajumlisha.
Kisha akaisugua jumla kwa kidole,
kama vile wino ndio wenye makosa.

"Samail," akasema. "Mia na arobaini. Vyumba vinne na ua."
"Ua lipi tena?" nikamwuliza, na hasira zangu.
"Si ua la mwenye nyumba, Muhsin.
Ua wa kuanikia nguo."

Tukahama Ijumaa, baada ya swala.
Friji lilikataa kuingia kwenye lifti,
likashuka ghorofa nne migongoni mwa Wapathani wawili.
Bi Zeyana, mama yangu, alikaa mbele na dereva wa lori,
mbuzi ya kukunia nazi mapajani.
"Hii ilipanda ndege kutoka Unguja," alisema,
"haitalala na magodoro."
Njia nzima akauliza kama Samail kuna nazi.
Hakuna aliyethubutu kumjibu.
Kuna tende, kuna ndimu, kuna mfereji wa falaji nyuma ya ukuta
unaosema peke yake usiku kucha.
Nazi, Mmalabari wa dukani anazo za kopo.

Bahasha ilisema kweli, nakiri.
Mwezi wa kwanza hatukukopa.
Mwezi wa pili Shemsa alinunua mapazia,
akayatundika, akarudi nyuma hatua tatu kuyatazama,
na hatua tatu zilikuwepo.
Watoto wanapiga kelele
wala hakuna wa chini anayegonga dari kwa fagio.

Ila bahasha haikuwa na mstari wa saa.
Saa kumi alfajiri natia maji usoni.
Kumi na moja kasoro robo nampitia Khalfan wa jirani,
anayelipa nusu ya petroli
na kulala usingizi wote.
Bidbid, gizani.
Fanja, majabali yanaanza kupata rangi.
Rusayl, taa nyekundu za breki, mbele yangu na mbele yake tena,
kila gari na mtu wake aliyepata nyumba ya bei nafuu.
Asubuhi jua linanipiga usoni, jioni linanipiga usoni;
halijanisukuma mgongoni hata siku moja.

Ijumaa moja Azzan alinikuta ukumbini,
akasimama mlangoni na ndala mkononi.
"Baba, umekuja kutembea?"
Nikasema ndiyo.
Akaniletea maji kwenye sinia.

Juzi niliangalia mita ya gari, nikapiga hesabu:
kwa mwezi mmoja wa kwenda kazini na kurudi
ningekuwa nimeshafika Unguja.
Nikamwambia Mama, nikidhani atacheka.
"Sasa umekwenda mara ngapi?"
"Mara nane."
"Mara nane! Na hukupita Mwembetanga kumjulia hali Salha?"
Akanigeuzia mgongo, kanuna kweli.

Leo nimeamka, taa ya uani inawaka.
Kuna mtu kamletea nazi za Salalah, sijui nani,
mwanamke huyu hajui majirani ila wanamjua.
Ameikalia mbuzi yake, khanga mabegani,
anakuna, saa kumi na nusu ya usiku,
sauti ile kavu, kwaru, kwaru, ukuta unairudisha.
"Mama, si ulale?"
"Nilale, uondoke nyumba nzima imekufa?"
Hakuinua uso.
Nimewasha gari. Khalfan ameshafunga mkanda, ameshafunga macho.
Nimeteremsha kioo kidogo, ile sauti iingie
mpaka kona ya msikiti,
na sauti yake yeye juu ya injini:
"Ukifika huko, rudi na pilipili mbuzi!"