Kutia Chumvi

Panya wa kizimba cha saba hana jina.
Sheria ya maabara: usimpe jina utakayempasua.
Nimempa nambari, na daktari akigeuka
namwita Shekuwe.

Saa mbili na robo asubuhi, Tudor, feni imekwama,
namdunga ile dawa ya kuchangamsha, chini ya ngozi.
Dakika kumi hazijatimia
anaanza: pembe hadi pembe, pembe hadi pembe,
anasimama kwa miguu miwili kunusa hewa isiyo na kitu,
mashine inahesabu, mia nne, mia sita, elfu,
naye haoni chakula, hamwoni mwenziwe, hajui kuchoka.

Mbio hizi nazijua.
Nilizisikia juu ya dari yetu pale Kuze
mwezi ule wa muguka wa shilingi hamsini,
kaka yangu akipaka ukuta rangi saa tisa ya usiku,
kijani juu ya buluu juu ya kijani,
akisema kakinunua kivuko cha Likoni,
akisema bandari nzima atamtunza mama siku ya Idi.
Majirani walicheka: huyu naye kazidi kutia chumvi.
Mama hakucheka. Alikuwa akihesabu nyayo.

Wa nane ni ndugu wa tumbo moja na wa saba.
Sindano ileile, siku ileile,
ila wiki tatu chakula chake nilikichanganya na lithiamu,
ambayo ni chumvi, ndiyo, chumvi,
nyeupe, haina makuu.
Naye alikimbia pia, nisiseme uongo.
Alikimbia, kisha akakumbuka maji.
Akanywa sana. Akakaa.

Jioni nikakata bongo zao vipande
vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Chini ya darubini, walinzi wa yule wa saba,
seli zile ndogo zinazolala macho wazi,
walikuwa wamevimba,
mikono yao mirefu wameikunja ngumi,
wanampiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi.
Kwa wa nane, wengi walikuwa bado langoni, mikono wazi.
Wengi. Si wote.
"Panya si mtu, Mwanajaa," daktari akanikanya,
akaandika: huenda.
Nimelipenda neno lile. Halitii chumvi.

Jumatano Shekuwe hutolewa damu.
Sufuri nukta saba, karatasi yasema, na mama
huikunja akaiweka ndani ya msahafu.
Mkono wake watetemeka, kahawa yamwagika kisahanini,
aimimina tena kikombeni bila kusema.
Chumvi ya mchuzi isipungue, isizidi, ndivyo alivyoagizwa;
mama hupima kijiko kilekile kila siku
kama anayelipa deni.
Joto hili la Machi, jagi haliondoki mezani.

Jana alinitazama nikinawa mikono, mara ya pili, ya tatu.
"Na huyo wa saba," akauliza, "alikuwa na jina?"

Nikamwambia: maji yako yamekwisha.
Lete jagi.