Mlango, Upepo

Vipokea sauti vimemzidi kichwa,
nimevikaza kwa kipande cha sponji.
Tsotne, miaka minane, darasa la tatu.
Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: hasikilizi.
Hakuongeza neno.

Namweleza: utasikia maneno, mengi, moja nyuma ya jingine.
Likija "mlango", nyoosha mkono.
Mengine yaache yapite.
"Yote?"
Yote.
"Hata nikiyapenda?"
Hata ukiyapenda.

Kwa Kijojia, hapa kwetu Kutaisi,
mlango na upepo ni karibu neno moja: kari, kari.
La mlango hubanwa kooni, likakatika kama kijiti kikavu,
la upepo huachiwa pumzi.
Aliyeipanga orodha alijua anatega nini.

Mizunguko sita, maneno mia kila mzunguko.
Wa kwanza, mkono unaruka neno halijaisha.
Wa pili vivyo hivyo; kalamu yangu vema, vema, vema.
Sauti kwenye kinasa ni ya mwanamke asiyechoka,
asiyemeza mate:
chumvi, kidole, daraja, mlango, yai, theluji.

Wa tatu, macho yanahesabu mbao za dari
na mkono ungali unapanda, polepole, kama ndoo kisimani.
Wa nne, mlango umepita.
Mwingine umepita.
Kiatu chake kinagonga mguu wa kiti, ko, ko,
hita ya gesi inakoroma.
Wa tano: upepo. Mkono juu.
Upepo. Mkono juu, na safari hii amenyooka mgongo,
shingo imegeukia kizingiti.
Fomu ina safu ya hayo: Kuitika Bila Kuitwa.
Naandika saba.

Namvua. Masikio yamekuwa mekundu.
Ulikuwa wapi, Tsotne?
"Kwetu komeo limevunjika," anasema.
"Upepo ukija mlango unalia. Huwezi kujua ni yupi kati yao."
Na usiku nani angekuja?
"Mama. Kutoka Bari. Alisema basi hufika usiku."
Kisha akauliza kama peremende za kwenye bakuli ni za bure.

Jioni napitia karatasi nijumlishe.
Mzunguko wa nne, visanduku kumi na kimoja vitupu:
si kosa wala si vema, sikuweka alama yoyote.
Nilikuwa wapi mimi?
Nadhani kwenye kile kiatu.
Miaka kumi na tisa napima nani anasikiliza kwa muda gani,
na hakuna aliyewahi kunivisha vipokea sauti.

Nimefuta jumla. Nimeandika: irudiwe, asubuhi,
mtoto kabla hajachoka. Nikaongeza: na mpimaji.

Alipotoka mchana alichukua peremende tatu,
akaufunga mlango wangu,
halafu, kutoka nje, akausukuma tena kuona kama umeshika.
Hilo nililisikia. Mara mbili.