Tundu la Dari

Fundi Mbwana alishika futi, akauliza:
"Kikubwa utakachopandisha ni kipi?"
Bi Hidaya akacheka. "Hakuna cha kupanda, mwanangu.
Kipo cha kushuka."

Sanduku la Faki lilitangulia juu
kabla mbao za dari hazijapigiliwa;
tangu hapo tundu ni la kupita paka
na magunia matupu.

Basi fundi akafuta hesabu zake ukutani,
akaanza upya, akauliza habari za goti:
kila kidato shibiri moja, kisizidi,
kishikio kiwe kulia,
maana bega la kushoto halinyanyuki.

Msumeno ukalia.
Vumbi la karafuu la miaka ishirini
likatumwagikia, mimi na tochi yangu,
na bibi, ngazi haijafika,
akapiga chafya,
akahimidi,
akamwita Faki.