Kitanzi

Gyumri, Februari. Maji yameganda mabombani,
tunasoma tumevaa makoti,
na Haykanush anachapa kwa glavu zilizokatwa vidole.

Jana yake nilikuwa nimewafundisha kitanzi:
maadamu jambo hili ni kweli, rudia;
likiacha kuwa kweli, toka.
Nikawapa kazi ya nyumbani, kujumlisha moja hadi mia.
Yeye akaja na deni la baba yake.

Dram laki sita, za tanuri la mikate.
Riba asilimia nne kwa mwezi.
Kila tarehe tano Mkrtich hupiga pasi shati,
hupeleka elfu ishirini dirishani kwa wakopeshaji,
hurudi na risiti na kuichoma msumarini.
"Dawa ya deni kulipa," husema.

Binti alitaka kujua kitu kimoja: mwezi wa ngapi tutamaliza?

    deni ni laki sita
    maadamu deni linazidi sifuri:
        ongeza riba, toa elfu ishirini,
        hesabu mwezi mmoja

Akabonyeza. Namba zikamiminika
na hazikukoma.

"Umekosea," nikasema, mimi mwalimu.
"Kitanzi kisichotoka kina mstari uliosahauliwa."
Tukaipitia mistari kwa kidole. Yote ilikuwepo.
Tukaisimamisha mashine, tukarudi juu kabisa:

    604,000
    608,160
    612,486

Akatoa mfukoni risiti tatu, zimetoboka katikati.
Chini, kwa wino hafifu,
tarakimu zilezile.

Kumbe mashine ilikuwa inalipa
kwa uaminifu wa baba yake,
elfu ishirini kwa riba ya elfu ishirini na nne,
na ingelipa hivyo hadi umeme ukatike.

Miaka kumi na moja nalifundisha neno kitanzi.
Sikuwa nimeifikiria shingo.

Jioni tukaenda wote. Mkrtich ana unga hadi kwenye nyusi.
"Lakini sijakosa hata mwezi mmoja."
"Hujakosa, baba."
Akautazama msumari. Muda mrefu.
"Kuanzia sasa ukiongeza elfu tano, kinakoma."
"Lini?"
"Mwezi wa mia."

Akatoa pakiti ya sigara, akaipima kiganjani,
akaisukuma nyuma ya debe la chumvi.
"Elfu tano," akasema. Kisha tena, "Elfu tano."
Akajifuta mikono kwenye aproni,
akamsogezea binti kalamu.

"Andika moja."