Sheria Mbili za Rangi

Karatasi arobaini na moja, na mama anazisoma zote.
Dalali anatazama saa. Nje, theluji ya Cleveland
imeshakuwa tope la chumvi. Mapajani pangu Theron,
mwaka mmoja na nusu, meno kumi na mawili,
anatafuna kona ya bahasha.

"Hapo jina, hapo tarehe, hapo saini fupi tu, Bi Pruitt."

Nyumba ni ya mwaka wa ishirini na sita:
mlango wa mwaloni, kitasa cha shaba,
kioo chekundu juu ya ngazi kinachomwaga jua zulia zima.
Nyumba njema si mlango, tunajua.
Lakini mlango ule, jamani.

Ukurasa wa kumi na tisa, taipureta ya zamani,
tumbo la kila *a* limejaa wino:
*isiuzwe, isipangishwe, wala isikaliwe
na mtu yeyote asiye mweupe,
isipokuwa awe mtumishi wa mwenye nyumba.*

"Hiyo ilishakufa," dalali anasema. "Sheria iliiua
kabla mimi sijazaliwa. Ruka tu."
Imekufa, naam. Ila hakuna aliyeizika.
Kila nyumba inapouzwa unaikuta
imelala chali katikati ya karatasi,
macho wazi.

Mama haruki. Bibi yake, Mozelle,
aliujua mtaa huu kwa magoti,
ngazi baada ya ngazi, ndoo na brashi.
Aliingia kwa neno moja tu:
*isipokuwa*.

Ukurasa wa ishirini na saba. Sheria nyingine, rangi nyingine.
*Je, muuzaji anajua kama rangi ya nyumba hii ina risasi?*
Visanduku viwili. Najua. Sijui.
Alama imekaa kwenye *sijui*,
ndogo, nadhifu, kama mguu wa inzi.

Ukoo ukae nyumba moja miaka sitini,
ukwangue fremu, upake nyeupe juu ya nyeupe,
ufagie maganda kila baridi inapoisha,
na usijue?

Sheria haimlazimishi mtu kujua.
Inamlazimisha aseme anachokijua,
na mnunuzi inampa siku kumi za kupima.
"Wengi huzisamehe hizo siku," dalali anasema kwa upole.
"Yuko mwingine nyuma yenu, ana taslimu."
"Mimi sizisamehe," anasema mama,
na anafunga kalamu.

Siku ya sita anakuja Zdenka Hlavaty,
buti zake mlangoni, soksi zimetoboka,
mkononi kibunduki cha kupimia.
Anakiegemeza kwenye ukingo wa dirisha la mashariki,
anabana kidole. Hakuna mlio.
Risasi ilishafyatuliwa zamani, mkupuo wa brashi kwa mkupuo,
nayo bado inashuka, vumbi,
kila dirisha linapofunguliwa.
Kumi na moja nukta nne,
mahali pa kuwa chini ya moja.

Mama anampigia mrithi mwenyewe, Leland Szabo.
Kimya kirefu. Kisha:
"Chumba hicho alilala kaka yangu, Emeric.
Alikuwa hashiki kusoma. Walimu walisema mvivu.
Baba alisema hivyo hivyo, kwa mkanda."
Anapumua. "Niliweka alama pale
kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia jina lake."

Basi walifunga lango rangi isiingie,
na rangi ilikuwa ndani tayari,
imekaa kitandani kwa mtoto wao.

Mama hajaamua. Anauliza bei ya madirisha kumi na manne,
anaandika nyuma ya bahasha iliyotafunwa.
Tununue tusinunue, majibu ya kipimo yapo mezani sasa:
Szabo hawezi tena kusema *sijui*.

Mimi namkaza Theron kifuani.
Anajinyonganyonga anataka chini. Kila akiona dirisha
anataka kusimama, aukamate ukingo kwa mikono miwili,
aone gari la taka likipita,
na mdomo wake unafika pale pale.