Namba Arobaini na Moja

Usiku hukusanya skuta za kukodi,
nabadili betri, nafuta vumbi la Jangwani.
Mpandaji simjui. Namjua kwa chaji:
anatoka Mburahati alfajiri,
anaiegesha ukutani Muhimbili,
jioni anarudi nayo, asilimia tisa,
usukani unanukia uji wa ulezi.

Siku kumi na mbili, hivyo hivyo.

Jana haikurudi.
Nimeikuta pale pale ukutani,
chaji inatosha kabisa kufika nyumbani,
pindo la kanga limefungwa kwenye breki.

*Mtu mmoja tu*, kibandiko kinasema.
Basi labda waliondoka wawili, kwa bajaji.
Au watatu.

Nimebadili betri, nimefuta kiti cha miguu.
Kanga sijaifungua.