Safu ya Joto

Zamu ya usiku imekwisha, miguu haijaambiwa.
Nimekabidhi watoto kumi na mmoja,
mmoja wao hajafika kilo ya sukari ya kwa Mangi.
Nimenawa, nimepanda ghorofa ya pili,
chumba cha mikutano chenye kitasa kibovu,
nimefungua kompyuta niliyodhaminiwa na kikoba cha Yombo Vituka.

Sura ya Tatu.
Kishale kinapepesa kama taa ya mashine ya oksijeni
inayotaka kutazamwa.

Profesa Rweyongeza ameandika pembeni, kwa wekundu:
"Pengo liko wapi?"

Pengo, Profesa?
Liko kwenye ada ya muhula wa pili.
Liko mezani nyumbani, kiti kimoja,
Mwajabu na baba yake wanakula wakikikwepa kwa macho,
kisha wananifunikia wali kwa kawa.
Siandiki hayo.
Naandika: joto la watoto njiti halipimwi ipasavyo usiku.
Nukta. Marejeo matatu.

Bi Sikudhani anapita na dekio lake.
"Daktari!" ananitania. "Ukihitimu, nepi atabadilisha nani?"
Nacheka, kwa kuwa sina jibu.
Miaka kumi na saba naitwa Sista,
jina nimelivaa hadi kola imelika.
Hili jingine nalijaribu kwa siri
kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi.
Linanipwaya mabegani.

Kibali cha maadili kilichukua miezi saba.
Kilipofika nikayashusha madaftari ya wodi kutoka stoo,
yananuka unyevu na dawa ya mende.
Jina la mama. Uzito. Saa. Joto.
Nikahesabu visanduku vitupu
kama mtu anayehesabu meno ya wenzake:
huyu mvivu, huyu alisinzia, huyu hakufundishwa.
Nilikuwa mkali. Nilikuwa na jedwali.

Kisha ukurasa wa mia moja na kumi na mbili.
Usiku wa kuamkia tarehe kumi na nne Aprili.
Naikumbuka mvua ile. Jangwani ilifungwa,
mwenzetu wa tatu hakuvuka,
tukabaki wawili, watoto kumi na tisa, umeme unakuja unakwenda.
Saa nane: tupu.
Saa tisa: tupu.
Saa kumi: tupu.
Saa kumi na moja: thelathini na nne nukta moja.
Chini yake sahihi yenye T ya mkia mrefu.

Nimeisahihi T hiyo kwenye cheti cha ndoa.

Safu ya mwisho inasema: Amehamishwa.
Wapi, haisemi. Nikazunguka na kidole,
nikageuza karatasi, nikairudisha.
Mtoto wa Salma Mkwizu. Gramu elfu moja mia moja.
Leo angekuwa anakimbia. Au anakimbia.

Vitabu vya mbinu vinataka mtafiti asimame kando ya takwimu zake.
Zangu zina mikono.
Ukurasa mmoja kati ya mia sita,
ungeweza kuwa umeliwa na mchwa, nani angeuliza?
Kwenye tasnifu hakuna majina,
ningekuwa Muuguzi wa Sita, basi,
nimejificha nyuma ya namba kama nyuma ya pazia la wodi,
na miguu inaonekana.

Namwandikia Profesa, bila marejeo:
Pengo nimeliona. Nilikuwepo.
Nitaanzia hapo.

Kabla sijatuma, simu inalia.
"Mama, luku imeisha, na baba hana salio."
Nanunua ya elfu tano.
Ujumbe unaingia, tarakimu ishirini,
namsomea moja moja, jua limeshapanda juu ya paa la maabara,
macho yananiwasha,
naye anarudia nyuma yangu, taratibu,
akibonyeza kila moja.
"Mama, umeruka?"
Sijaruka.
Tunaanza upya, hata hivyo.